Nta Haikatwi Kabla ya Mavuno

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Mikumi.

Kati ya Mikumi na Kilosa hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Naandika bila aibu, daftari ni langu. Loji imenipandisha cheo! Kuanzia leo mimi Yared, niliyeishia kidato cha pili, ni Mnunuzi wa Mvinyo. Siyo mbeba sahani. Siyo mfuta meza. Mnunuzi! Madam Loveth, meneja, ameniita ofisini mwenyewe: Yared, una pua ya ajabu wewe, panda milimani ukatutafutie mvinyo wa wenyeji, watalii wamechoshwa na huu wa dukani. Akanipa mkono. Mkono laini kama andazi la asubuhi.

Stahili yangu. Miaka mitatu nimesimama nyuma ya kaunta nikizibua chupa. Nimehudumia Wajerumani, Wataliano, na Waingereza wawili mtu na mkewe waliogombana kwa ajili ya glasi moja. Najua kuzungusha. Najua kunusa. Najua kusema "mmh" halafu kunyamaza — kwenye kunyamaza ndiko kuliko na utaalamu.

Kesho naenda Mamboya kwa shangazi Generoza, aliyenilea. Kule juu zipo familia tatu zenye mizabibu nyuma ya nyumba, kila moja inakamua yake. Nitaonja, nitachagua. Begi liko tayari: shati la loji lenye nembo ya twiga, kizibuo, glasi sita ndani ya taulo. Glasi nimeazima.

Jumanne, 3 Septemba. Mamboya.

Basi la alfajiri mpaka Kilosa. Treni ya umeme ikapita kwa mbali — fupi, kama habari njema. Mama mmoja wa Chanzuru akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza. Nikamwambia pia nina nyumba mbili. Sijui kwa nini. Mdomo wangu ukishawaka hauzimiki.

Dumila nikapanda bodaboda. Kadiri tulivyopanda baridi ikaniingia kwenye shati la twiga. Juu huku kimya, unasikia kuku akifikiri.

Shikamoo shangazi. Marahaba, umekonda, hiyo kazi yako hawakupi chakula? Nikacheka. Akanipa ugali na mboga ya kunde, akakaa ananitazama nikila, kama zamani.

Halafu nikaona shoka. Limeegemezwa ukutani, limenolewa mpaka linang'aa. Binamu yangu Alex hakuficha. Alisema mizabibu inang'olewa. Kuna mtu wa vitunguu anataka kulikodi lile shamba, wamekubaliana: Jumapili ya tarehe 22 ni Sikukuu ya Mavuno kanisani, Jumatatu yake shoka linaingia. Nikamwambia huwezi kung'oa mizabibu ya baba yako. Akasema, "Profesa, huo mvinyo nani anaununua? Kanisa linachukua jagi moja, wageni wanakunywa bure, unaobaki tuogee?"

Shangazi alikuwa anaosha sufuria ileile, anaosha tu.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Mistari kumi na mmoja. Marehemu Bonifas, mume wa shangazi, alileta vipando kutoka Dodoma ndani ya gunia bichi, akavipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Shangazi mgongo umeshaanza kumpinda na bado anapogoa mwenyewe. Majani machache yamebaki baada ya kuvuna, yana vumbi. Nilijifunzia kutembea kati ya mistari ile.

Nikarudi nikasema, isiguswe. Loji inanunua. Mvinyo wote. Mwaka huu na unaofuata.

Shangazi akaacha sufuria. Akalichukua lile shoka yeye mwenyewe akalirudisha stoo.

Nilijisikia mkubwa kama mlima.

Alhamisi, 5 Septemba.

Ziara ya kwanza: kwa mzee Lazaro, katekista mstaafu. Nimevaa shati la twiga, glasi mbili mkononi. Shikamoo mzee, shikamoo mama Magdalena. Marahaba, karibu Bwana Mnunuzi. Kumbe habari imeshafika! Kijiji hiki hakina kelele lakini kina masikio.

Chumba chake cha mvinyo kilikuwa chumba cha watoto. Madumu manne na chupa moja kubwa ya kioo, midomo yote imezibwa kwa nta ya nyuki. Nikamwambia mzee, kata hiyo nta nionje. Akanitazama kama niliyemwambia avue suruali. Nta haikatwi kabla ya Mavuno, alisema. Kila nyumba hapa inajua. Jagi la kwanza linaenda meza ya Bwana, ndipo mtu anafungua lake. Mchungaji mwenyewe jagi lile analibariki, madumu mengine anayafumbia macho. Nikasema mzee, Ulaya wanaonja mapema. Akasema Ulaya waende kanisani kwao.

Akanipa wa mwaka jana. Sawa. Nikazungusha. Nikanusa. Nikasema "mmh". Nikaweka mdomoni, nikasukutua kama wanavyosukutua wale wataalamu — nikatema chini.

Pale loji kuna ndoo maalumu ya kutemea. Nani alitegemea kwamba hapa Mamboya kutema kitu cha mtu kwenye uwanja wake ni kumtemea yeye? Mimi! Mimi mzaliwa wa hapahapa nilipaswa kutegemea! Mama Magdalena akaingia jikoni, akatoka na koleo la majivu, akayamwaga pale nilipotema. Polepole. Kama anafukia kitu. Akasema, "Mtoto huyu tumemlisha hapa hana viatu. Leo amejifunza kutema."

Nikajitetea kwamba ndivyo shule ya mvinyo inavyofundisha. Mzee Lazaro akauliza hiyo shule ulimaliza au nayo uliishia njiani?

Nilicheka kuliko wote. Nikanywa glasi nzima kwa adabu. Mvinyo wake ni mkali, una ladha ya dumu. Sikusema.

Ijumaa, 6 Septemba.

Kwa Mathias na mkewe Elizabeti. Hawa wamekata nta kabla sijafika! Madumu yote! Mathias alisema: mila ni mila na soko ni soko. Nikaonja — sikutema, nimejifunza. Mungu wangu. Ameweka sukari na hamira ya mkate. Ni kama kunywa andazi. Nikasema mvinyo huu una mwili mzuri. Wageni huwa wanasema hivyo wakikosa la kusema.

Elizabeti akanichinjia jogoo. Nikala paja, kidari na aibu. Kisha akaja binti yao, Imani, amemaliza kidato cha nne, yupo tu nyumbani. Mathias akauliza kwa unyenyekevu, mtu mzima kunizidi, eti Bwana Mnunuzi, pale loji hamwezi kumpatia nafasi, hata ya kutandika vitanda? Nikasema kwa nini vitanda? Mapokezi! Ataondoka na gari litakalokuja kuchukua mvinyo.

Imani akapiga magoti kunishukuru. Nilitamani ardhi inimeze. Badala yake nikaomba mchuzi zaidi.

Jumapili, 8 Septemba.

Kanisani. Mzee Lazaro ndiye aliyesoma matangazo. Baada ya tangazo la kwaya na la fundi wa paa akasema: mtoto wetu Yared ameletwa na Mungu kuinua mizabibu yetu, asimame. Nikasimama. Makofi! Hata mama Magdalena alipiga, mawili. Shangazi alikuwa ananitazama kutoka benchi la akina mama. Mara ya mwisho kunitazama vile nilikuwa nimefaulu darasa la saba.

Mchana nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Nikampigia Madam Loveth. Haikupokelewa. Nikatuma meseji: Madam, mvinyo upo, mtamu, tufanyeje gari? Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna. Yuko bize, msimu wa wageni huu.

Jumatano, 11 Septemba.

Zamu ya shangazi. Nilikuwa nimeiacha ya mwisho makusudi, kama mtu anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Anazo chupa tatu kubwa za kioo, kila moja ndani ya kikapu chake, amezilaza chumbani kwake chini ya magunia. Ndizo mvinyo wake wote wa mwaka. Akaniuliza kama ni lazima kukata. Tangu Bonifas afariki, alisema, hata yeye mwenyewe hajawahi kutangulia Mavuno. Nikasema lazima shangazi, kampuni ina taratibu zake. Akanawa mikono. Akachukua kisu kidogo cha mboga. Alikata nta kwa kuizungusha, kipande kimoja, hakikukatika. Akakiweka mfukoni mwa gauni.

Nikaonja.

Daftari, nimeonja chupa za watu wenye ndege zao. Nimeonja za kutoka nchi nisizoweza kutamka. Sijawahi. Zambarau, moshi kidogo, halafu kitu kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nililia. Nikasema ni baridi.

Ningeishia hapo! Ningejaza chupa moja, tukaziba! Lakini ilikuwa lazima Yared aonyeshe ujuzi. Nikamwambia, shangazi, mvinyo mwekundu haufungwi-fungwi, unatakiwa kuachwa upumue. Wageni wetu wote huuacha upumue, ndipo unalainika. Fungua na ya pili. Akauliza upumue kwa muda gani?

Hapo sasa. Wale wageni walikuwa wakiongea hayo, na mimi hapo kwenye muda nilikuwa nimeshaitwa meza namba saba.

Nikasema, wiki.

Akafungua ya pili. Ya tatu akaweka mkono juu yake. Hii ni ya jagi la kanisa, alisema, hii isubiri. Zile mbili tukazifunika kwa kipande cha chandarua.

Jumamosi, 14 Septemba.

Mtu wa vitunguu alikuja na pikipiki kutoka tambarare. Anataka jibu la mwisho, amepata na shamba lingine huko Ruaha, hawezi kusubiri. Alex alisema mama, tafadhali. Shangazi akamwambia yule bwana: baba, asante kwa kuja, mtoto wangu ameshapata mnunuzi. Akanionyesha kwa kidevu. Mtu wa vitunguu akaniangalia shati, nembo, viatu. Aliangalia viatu muda mrefu. Akaondoka.

Alex akanishika mkono nyuma ya nyumba. Gari linakuja lini, Profesa? Siku gani? Sema siku!

Nikasema Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi.

Ilitoka yenyewe. Saa nne, tena! Uongo huwa unapenda kuvaa saa — futa hiyo. Siyo uongo. Madam atajibu. Akiuonja tu huu wa shangazi, mtu yeyote mwenye ulimi atabadili mawazo yake yote. Yote.

Jumanne, 17 Septemba.

Nzi wadogo. Niliwaona asubuhi kwenye chandarua, wengi, wametulia kama waumini. Nikanyanyua. Nikanusa. Sikuhitaji pua ya ajabu.

Siki. Chupa zote mbili. Nikaonja nikitumaini pua imekosea. Taya likafunga.

Nilikaa sakafuni sijui muda gani. Shangazi akaja akasimama mlangoni. Hakuingia. Harufu ilikuwa imeshamwambia. Nikaanza: shangazi, wakati mwingine huwa inapitia hatua hii, halafu —

Akasema, "Umepumua mpaka umekata roho, mwanangu."

Akacheka. Kweli alicheka! Bora angenipiga. Akasema akina mama watapata siki ya kachumbari mwaka mzima. Halafu akakaa kitandani, akavuta gunia, akaitazama ile chupa ya tatu.

Akaniuliza, wakija wakiipata hii moja tu, watatuchagua? Nikasema wataichagua shangazi, lakini jagi la kanisa? Akasema jagi la kwanza la kijiji limetoka nyumba hii tangu Bonifas alipovuna mara ya kwanza. Mwaka huu litoke kwa Lazaro. Mungu anajua mizabibu ikiondoka hakutakuwa na jagi tena kabisa.

Baadaye mzee Lazaro alikuja kumsihi. Nilisikia kupitia dirisha, sehemu kwa Kikaguru, sehemu kwa Kiswahili. Generoza, usimnyime Bwana kwa ajili ya hoteli. Shangazi akajibu simnyimi, naazima kwake, na kijana huyu ni wangu, akisema kitu nitakisimamia.

Sikutoka kula. Nilisema tumbo.

Ijumaa, 20 Septemba.

Kilimani tena. Simu ya kumi na mbili. Amepokea!

Nikasema Madam, ni mimi Yared.

Akauliza, Yared yupi?

Jumamosi, 21 Septemba.

Saa tatu na nusu. Naandika nimekaa mwishoni mwa mstari wa kumi na moja, nyuma kabisa, mgongo kwenye nguzo.

Uwanja umefagiliwa mpaka unaona alama za ufagio kama kitambaa. Shangazi amevaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya kesho. Ameazima benchi mbili za kanisa. Kitambaa cheupe mezani, glasi zangu sita amezing'arisha kwa majivu na limau, na chupa ya tatu katikati. Mzee Lazaro amekuja na koti. Hakubaliani lakini amekuja, eti jirani haachwi peke yake mbele ya wageni. Mama Magdalena ameleta karanga za wageni kutafuna. Amenipita akasema, leo uteme ukitaka, nimekuja na majivu. Anatania! Ameshanisamehe! Nani aliwaambia wanisamehe leo?

Mathias na madumu yake ya hamira. Elizabeti analia kidogo. Imani amekaa juu ya sanduku lake la bati la shule, amesuka nywele, viatu vyeusi. Amemuaga bibi yake jana. Amenisalimia shikamoo. Nikaitikia marahaba.

Alex ndiye pekee asiyekaa. Anatembea kutoka nyumba mpaka barabarani, barabarani mpaka nyumba. Muda mfupi uliopita amenikuta hapa. Unaandika nini? Nikasema ripoti ya loji. Akasimama. Halafu akasema kwa sauti ya chini, siyo ya dharau, bora ingekuwa ya dharau: "Kaka, mimi nilikuwa sikuamini. Nisamehe. Mama hajavaa kile kitenge tangu msiba."

Akaenda zake.

Saa nne kasoro kumi. Ningeweza kushuka kwa kupitia bondeni, nikatokea njia ya Berega. Nimeshapima kwa macho. Mtu mwenye bahati zangu angekuwa ameshaondoka. Miguu imekataa. Labda ndicho kitu pekee kizuri nilichonacho, hii miguu.

Saa nne kamili. Wote wanasikiliza barabara.

Shangazi anaita. Yared! Uko wapi? Wageni wakifika wakute imeshafunguliwa au niikate mbele yao? Sauti ina furaha, ya msichana. Kupitia majani naona ameshika kile kisu kidogo cha mboga. Mkono mwingine ameuzungusha kwenye shingo ya chupa.

Nikinyanyuka sasa hivi nikasema, chupa inabaki nzima. Jagi linaenda kanisani kesho. Mtu wa vitunguu amekwenda, mizabibu sijui, Imani sijui. Lakini chupa.

Yared! Nikate?

Mzee Lazaro amevua kofia.

Hakuna gari. Sikupandishwa cheo chochote. Madam Loveth alinifukuza tarehe ishirini na nane Agosti mbele ya wapishi, kwa kunywa mabaki kwenye glasi za wageni. Kunipa mkono hakunipa, alinionyesha geti. Nikiwa getini nikamwambia shangazi yangu anatengeneza mvinyo bora kuliko wote, akasema haya, siku moja ulete, ili niondoke tu. Hilo "ulete" ndilo nililolijengea nyumba mbili. Glasi niliziiba. Hata wewe daftari nilikudanganya ukurasa wa kwanza, na hakuna mtu anayekusoma.

Anaita mara ya tatu. Kisu kiko juu ya nta na mimi bado naandika. Sina bahati, sina kazi, sijawahi kuwa mnunuzi wa kitu chochote.